Mchukue kwa Siasa

Asubuhi hiyo nilikuta weupe ndani ya ndoo ya Tausi, chini kabisa. Pumba zilikuwa zimeliwa, shayiri imeliwa, hata vile vipande vidogo vya karoti nilivyovikata nikavichanganya kwa mkono havikuonekana. Kilichobaki ni dawa peke yake, unga kama chokaa, imetulia kana kwamba nilikuwa nimeimimina pale sasa hivi. Tausi mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa banda, mguu wa mbele wa kushoto ameulegeza asiukanyage sawasawa, akinitazama.

Jioni yake niliinama karibu na mlango nikamwangalia akila. Mdomo wa juu wa farasi una wepesi wa vidole. Hupapasa, husukuma, hubagua. Zile nywele ndefu zilizotapakaa kuzunguka mdomo na pua hugusa chakula kabla ulimi haujakigusa. Tausi aliingiza pua ndani ya ndoo, akavuta pumzi moja ndefu, kisha akaanza kazi. Alisogeza pumba upande huu, akachukua kidogo, akasogeza tena. Alipokutana na chembe ya dawa aliinua kichwa, akaukunja mdomo wa juu hadi fizi zikaonekana, akakaa hivyo kwa muda akiinusa harufu ile. Halafu akarudi ndooni na kuanzia upande mwingine. Ilimchukua karibu nusu saa kula chakula ambacho kwa kawaida hukimaliza kwa dakika kumi, lakini alikimaliza, na dawa akaniachia.

Nilikuwa saisi katika mabanda ya farasi huko Karen, Nairobi, na kazi hiyo ndiyo iliyonilishia watoto. Tausi alikuwa jike mzee. Ujana wake aliumalizia kwenye mbio katika uwanja wa Ngong Road, na mbio zile zilikuwa zimemwachia viungo vinavyouma. Daktari wa mifugo alimwandikia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Jina lake la kitaalamu ni fenilbutazoni, lakini mabandani kila mtu huiita byuti. Alipokuwa mkimbiaji dawa hiyo ilikuwa mwiko kwake siku ya mbio. Sasa alipostaafu ndiyo iliyokuwa tegemeo lake la kuweza kutembea hadi malishoni. Pakiti moja ilikuwa na gramu 1, naye alipaswa kupata moja asubuhi na moja jioni. Ni dawa chungu. Niliwahi kupangusa midomo kwa mkono uliokuwa na vumbi lake, na ule uchungu ulinikaa kinywani hadi saa ya chai. Nilikuja kuambiwa na daktari kwamba dawa hiyo iliwahi kutumiwa na watu, ikaachwa katika nchi nyingi kwa sababu inaweza kuharibu uwezo wa mwili kutengeneza damu. Tangu siku hiyo sikuishika tena bila glovu.

Palikuwa na mzee tuliyefanya naye kazi, saisi wa miaka mingi, mtu wa Lamu. Alikuwa amekulia miongoni mwa punda, kwa kuwa mji wa Lamu unabebwa na punda: mchanga, mawe, unga, mizigo ya bandarini, vyote juu ya mgongo wa punda. Kule punda wana hata zahanati yao tangu 1987, na yeye alijua kuwanywesha dawa ya minyoo kabla hajajua kushika hatamu za farasi. Nilipomwonyesha ndoo ile yenye weupe alitikisa kichwa.

“Mwanangu,” aliniambia, “huyu mchukue kwa siasa.”

Nikamwelewa. Au niseme nilidhani nimemwelewa, maana mimi nimekulia bara, na kwetu siasa ni jambo moja tu: ni maneno ya jukwaani, ni kuzunguka, ni kumpa mtu asichokitaka kikiwa kimefungwa ndani ya anachokitaka. Nikaondoka nikiwa na uhakika kwamba mzee amenishauri nitumie ujanja.

Nikautumia. Siku ya kwanza nilichimba shimo katikati ya ndizi, nikatia unga wa dawa, nikaziba. Tausi aliila yote, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Siku ya pili aliila pia. Siku ya tatu aliuma nusu, akasimama, akaiachia ikadondoka kwenye majani, na toka hapo hakugusa ndizi kutoka mkononi mwangu. Nikahamia tufaa. Likaenda siku mbili. Nikahamia peremende, kwa sababu farasi wengi hupenda harufu ya mnanaa. Tausi alizipenda mpaka pale alipozihusisha na uchungu. Nikaja kwenye molasi. Nilimimina molasi nyingi juu ya pumba hadi ndoo nzima ikawa nyeusi inanata, nikaongeza dawa, nikakoroga kwa nguvu. Safari hii aliingiza pua, akavuta pumzi, akaitoa. Hakuchagua wala hakubagua. Aliiacha ndoo yote.

Kesho yake nilimletea pumba na shayiri tupu, bila dawa hata chembe. Akanusa, akageuka. Hapo ndipo moyo uliponishuka. Nilikuwa nimeficha dawa ndani ya chakula, na sasa alikuwa amepoteza vyote viwili. Ndoo iliyokuwa furaha yake, ndoo ambayo sauti ya mpini wake tu ilimfanya alie kwa kunikaribisha, ilikuwa imegeuka kitu cha kuogopa. Alibaki kula nyasi kavu, na nyasi peke yake zilikuwa hazimtoshi tena kwa umri ule na kwa meno yale yaliyoisha. Mbavu zikaanza kuonekana.

Daktari alipokuja alinitaka nimpime Tausi uzito. Nikasema kwa kumtazama tu kwamba ana kilo 500. Akanipa utepe. Tuliuzungusha kwenye kifua chake nyuma ya miguu ya mbele, tukapata sentimita 178. Tukapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, tukapata sentimita 160. Ukizidisha kifua kwa kifua, halafu kwa urefu, kisha ukagawanya kwa 11,880, unapata uzito wake kwa kilo. Ilikuwa kama 427. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimemlisha na kumsafisha kila siku nisijue kwamba farasi niliyekuwa nikimwona kichwani mwangu siye aliyesimama mbele yangu. Na uzito si jambo dogo katika dawa. Byuti ikizidi huchoma tumbo na kuumiza figo. Dawa ya minyoo ikipungua, minyoo hujifunza kuishi nayo.

Sasa nitasema jambo ambalo bado linaniuma. Baada ya hapo nilitumia nguvu. Daktari alituandikia dawa ileile ikiwa laini kama uji mzito, ndani ya bomba lisilo na sindano, la kupitishia mdomoni. Tulimfunga kamba fupi, mtu mmoja akashika kichwa, mimi nikasukuma bomba na kubonyeza. Nilijifariji kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Akarusha kichwa, nusu ya dawa ikaenda ukutani, nusu ikaenda begani mwangu. Tukarudia jioni. Baada ya siku nne Tausi alikuwa akiniona naingia na mkono mmoja nyuma, hata kama mkono ule haukuwa na kitu, anainua kichwa juu kabisa na kurudi hadi kwenye kona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nami ndiye niliyekuwa nyoka.

Yule mzee alinikuta nimekaa nje ya banda juu ya debe. Akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza yote, ndizi, peremende, molasi, kamba. Nikamwambia, “Mzee, si ulisema nitumie siasa?”

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba kwao mtu akisema fanya jambo kwa siasa, maana yake ni lifanye kwa upole, kwa taratibu, bila pupa. Mtu mwenye siasa ni mtu mtulivu, asiyemkurupusha mwenzake. Halafu akaniuliza kama najua jina la kazi yangu limetoka wapi. Sikujua. Akasema kuwa saisi na siasa ni watoto wa shina moja la Kiarabu: saisi ni yule anayemtunza na kumwongoza farasi, na siasa ni ile namna ya kutunza na kuongoza. “Watu walianza na farasi,” alisema, “ndipo wakaja kwenye mambo ya watu.” Baadaye nilifungua kamusi, na ile maana ya upole na utaratibu nikaikuta imeandikwa humo, pale pale pembeni ya maana ya majukwaani. Nilikuwa nimetamka neno hilo maisha yangu yote nikiwa nimeshika nusu yake.

Alinifundisha mambo mawili.

La kwanza: ndoo iwe safi. Chakula cha Tausi kiwe chakula, kisiwe na siri ndani yake. Nikanunua ndoo mpya ya rangi nyingine, nikawa namletea pumba zilizoloweshwa, shayiri na karoti, namwekea na kuondoka. Zilipita siku tano kabla hajaila yote. Dawa ya unga, pale ilipolazimika kuwa ya unga, ilipewa mahali pake: bakuli dogo la bati, konzi moja ya pumba zilizoloweshwa kwa maji ya sukari guru, saa moja kabla ya chakula. Kwa siku tatu bakuli lile halikuwa na dawa kabisa. Siku ya nne niliweka kiasi cha kuokota kwa ncha za vidole viwili. Kila siku nikaongeza kidogo. Nilijifunza kwamba pumba zikiwa kavu unga huteremka chini na farasi huukuta wote pamoja, lakini zikiwa na unyevu wa kutosha unga hushika kila chembe na uchungu husambaa mpaka ukavumilika. Nilijifunza pia kutotia dawa kwenye maji ya kunywa, maana farasi akiyakataa maji, msokoto wa tumbo hauko mbali, na msokoto huua farasi kuliko viungo vinavyouma. Na sukari guru ile tuliipima kwa ruhusa ya daktari, kwa sababu wako farasi ambao sukari huwawasha moto ndani ya kwato mpaka wasiweze kusimama.

La pili: bomba lisije na uchungu kila mara. Mzee alinionyesha mwenyewe. Alilisafisha bomba, akalijaza maji ya sukari guru, akaenda akasimama kando ya bega la kushoto la Tausi, si mbele yake. Hakumfunga. Alikaa tu pale, akimkuna shingoni chini ya manyoya, bomba akiliacha waziwazi mkononi ili Tausi alione na kulinusa. Tausi aliinua kichwa. Mzee hakukifuata. Alingoja. Kichwa kiliposhuka alimgusa shavu kwa bomba, akaliondoa, akaondoka. Siku ya kwanza ilikuwa hiyo tu. Siku ya pili alitia ncha ya bomba kwenye pembe ya mdomo, pale penye pengo kati ya meno ya mbele na magego, akabonyeza matone mawili. Tausi alilamba. Macho yake yalibadilika, nami niliona.

Tuliendelea hivyo kwa wiki mbili, kila siku utamu. Kisha ikaja siku ya dawa. Nilihakikisha kwanza kwamba hana chakula kinywani, kwa kuwa farasi mwenye tonge hulitema pamoja na dawa. Nikasimama kando, mkono wangu wa kushoto juu ya mfupa wa pua, nikaielekeza ncha nyuma ya ulimi, nikabonyeza mara moja, nikamwinua kidevu kidogo mpaka nikaona koo limemeza. Alitikisa kichwa kwa uchungu ule. Sikumficha kwamba ni chungu. Mara nikampa bomba la pili, la sukari guru, nikamkuna, nikamwachia. Kesho yake utamu, keshokutwa utamu, kisha dawa tena. Ndani ya mwezi Tausi alikuwa akiona bomba anashusha kichwa.

Nimefikiri sana kwa nini alikuwa mgumu vile, na sidhani tena kwamba alikuwa mkaidi. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kikishaingia kitu hakirudi kwa njia ya mdomo. Mnyama wa namna hiyo hana nafasi ya kukosea, na ukaguzi wake wote lazima aufanye kabla ya kumeza, kwa pua, kwa zile nywele, kwa ule mdomo wenye vidole. Nilichokiita ubishi kilikuwa busara ya kiumbe kinachojua kwamba hakina njia ya kurudisha. Na mimi niliposhinda kwa ujanja siku mbili tatu, nilikuwa nimemthibitishia kwamba ukaguzi wake ulipaswa kuwa mkali zaidi.

Wakati huohuo, nyumbani, nilikuwa na mtoto wa kiume wa kidato cha pili.

Nilikuwa nikitoka kazini jioni, na saa pekee aliyokuwa akikaa mahali pamoja ni saa ya chakula. Kwa hiyo hapo ndipo nilipomwambia yote. Alama za hisabati, marafiki anaotembea nao, simu, viatu vilivyochanika kabla ya wakati. Nilianza kwa maneno matamu, namsogezea mboga, namuuliza habari za shule, halafu nikimwona ametulia naingiza lile nililokusudia. Mke wangu alinikanyaga mguu mara nyingi chini ya meza. Sikumsikiliza. Niliona hiyo ndiyo nafasi, na mzazi asiyetumia nafasi analea mwana wa kupotea.

Kijana alianza kula haraka, macho sahanini. Kisha akaanza kula kidogo. Kisha ikawa nikimsogezea tu bakuli la mboga na kumwita kwa jina, kabla sijasema neno la pili, anasema, “Nimeshiba, baba,” anaondoka. Mama yake akawa anamwekea chakula jikoni, anakula saa nne usiku peke yake akiwa amesimama. Nilisema ni umri. Nilisema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Usiku mmoja nilitoka kuchukua maji nikamkuta pale jikoni, sahani mkononi. Aliponiona aliinua kichwa na kurudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa friji. Nilisimama na kikombe changu mkononi. Nilikuwa nimekiona kichwa kile kikiinuka namna ile, na kona ile, na macho yale. Sikuwa na la kusema. Nilijaza maji nikarudi kitandani, nikakesha.

Niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya kwa kufuata Tausi, kwa sababu sikujua mwalimu mwingine. Meza niliifanya ndoo safi. Niliapa kwamba hapo hatutazungumza alama, wala simu, wala viatu, hata kama nina neno linalonichoma ulimi. Lenye uchungu lilipewa mahali pake: Jumamosi asubuhi, nje, kwenye benchi la chini ya mparachichi, na nilimwambia mapema kwamba nina neno naye na ni neno gani. Nililisema mara moja, kwa ufupi, nikakomea hapo. Na kwa kuwa kila nilipomwita ilikuwa kwa kosa, nikaanza kumwita bila kosa. Nilimwita aje anishikie tochi nikitengeneza pampu. Nilimwita twende mabandani siku ya mapumziko, akamkuna Tausi shingoni, tukarudi kwa miguu bila kuongea mengi. Mwanzoni alikuwa akinitazama akitafuta dawa iliyofichwa. Nilingoja. Hakukuwa nayo.

Ile methali nayo nimeirudia nikaisikia upya. Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli, lakini wahenga walisema uji. Hawakusema afungwe kamba na kumiminiwa. Wanamtaka mwenye afya aamke, awashe moto, akoroge kwa upole, aupoze, aulete bila kungoja kuombwa. Mzigo wote wa methali uko kwa mleta uji. Mimi nilikuwa nimemtwika mgonjwa.

Wala sisemi kwamba uchungu uondolewe. Tausi alihitaji byuti, na mapenzi peke yake yasingemtembeza hadi malishoni. Mwanangu naye alihitaji kuambiwa ukweli kuhusu hisabati. Ninachokisema ni kwamba dawa ina mahali pake na chakula kina mahali pake, na anayevichanganya kwa siri ili apate wepesi wa siku mbili huja kulipa kwa vyote viwili. Mtu anayejua kwamba ndoo yake haina hila hula kwa moyo, na mtu aliyekula kwa moyo huweza kumeza uchungu unaoletwa mchana kweupe na mkono anaoujua.

Tausi alitembea miaka mingine kadhaa. Asubuhi za baridi ya Julai alichelewa kidogo kulegea viungo, lakini alifika malishoni kwa miguu yake, na hadi mwisho alikuwa akilia akisikia mpini wa ndoo.

Na siku ya kufunga shule mwaka huo, mwanangu aliingia tukiwa tayari tumekaa mezani. Alitoa bahasha ya ripoti mwenyewe, bila kuulizwa, akaiweka kando ya sahani yangu. Mkono wake ulikuwa haujatulia. Mke wangu alinitazama. Niliichukua ile bahasha kabla haijafunguliwa, nikainuka, nikaiweka juu ya kabati, nikarudi kwenye kiti changu.

“Tule kwanza,” nikasema.

Akavuta kiti, akaketi.